Injini Si Yake

Leo naomba mnivumilie niongee juu ya gari. Tena si gari la kwenda kazini, ni gari la michezo la zamani, la watu wawili tu, lile ambalo ukiwa na watoto watatu halina kazi kwako. Limeninyima usingizi siku tatu na bado sijalimaliza moyoni.

Mama mmoja tunayeabudu naye alifiwa na mume wake miaka miwili iliyopita. Mzee alikuwa fundi, na nyuma ya nyumba aliacha Datsun 240Z ya mwaka 1972 ikiwa imefunikwa turubai. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha abiria. Mama akaniita akaniambia, "Pasta, wewe ulisomea biashara. Niuzie hiki kitu nilipe deni la hospitali na watoto warudi masomoni." Deni lilikuwa 980,000. Watoto wawili, mmoja chuoni, mmoja sekondari. Nikakubali haraka haraka, nikidhani ni kazi ya wiki moja.

Kwa wale vijana wasiojua, 240Z si gari la hivi hivi hapa Kenya. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda nayo tena. Ina injini ya silinda sita, lita 2.4, na boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa. Huko nje watu wanaitafuta sana. Mwaka 2020 moja ya mwaka 1971, ambayo ilikuwa imetembea kidogo na kutunzwa vizuri, iliuzwa kwa mnada Marekani kwa dola 310,000. (Usipige hesabu ya shilingi. Mimi nilishapiga, haisaidii.) Ya Mama haikuwa ya kiwango hicho. Ilikuwa na kutu chini ya milango, na sehemu kubwa ya bodi ni fila. Lakini ilikuwa yenyewe, ama ndivyo nilivyodhani.

Wanunuzi wawili wa kwanza walikuwa mabroka, hao sina haja ya kuwazungumzia. Wa tatu alikuwa kijana mtulivu ambaye hata rangi hakuiangalia. Alikuja na tochi, sumaku na daftari. Sumaku aliipitisha kwenye bodi pole pole. Inaposhika kuna bati, inapoteleza kuna fila. Akalala chini kuchungulia reli za chasisi na sakafu, kwa sababu magari haya huozea hapo. Akafungua boneti, akasoma kibati chenye namba ya chasisi na namba ya injini. Namba ya chasisi akailinganisha na ile iliyogongwa kwenye ukuta wa bati ulio kati ya injini na dereva. Zikalingana. Halafu akamulika ubavuni mwa injini yenyewe, akanyamaza.

"Pasta, naona kama injini si yake. Lakini grisi ni nyingi, sisomi vizuri. Muioshe, nitarudi Jumamosi."

Akasema wazi: ikiwa ni yake, anatoa 1,600,000. Ikiwa si yake, 1,150,000. Akaenda.

Tukaiosha. Ilikuwa L24, aina ile ile iliyotoka nayo kiwandani, lakini namba haikuwa ile ya kwenye kibati. Mzee alikuwa ameibadilisha zamani, na kwenye logbuku hakupeleka mabadiliko. Fundi aliyekuwa akinisaidia akacheka. "Pasta, mbona unasumbuka? Naleta grinda, nasaga hiyo namba, nagonga ile ya kwenye kibati. Logbuku inasema hivyo hivyo. Nani atajua? Nipe elfu tatu tu."

Nikasema nitafikiria. Mtu anayesimama madhabahuni kila Jumapili, nikasema nitafikiria. Nilikuwa nimeshaona 450,000 kwa kalamu.

Tuache upande wa sheria kidogo, ingawa kila mtu anajua namba iliyosagwa ndicho kitu cha kwanza kinachotafutwa kwenye gari la wizi. Swali lililonishika ni lile la fundi, kwa sababu halikuwa swali la kijinga. Injini ni aina ile ile. Nguvu ni ile ile, mlio ni ule ule. Huyo kijana akiwasha gari lake asubuhi ataumia wapi? Hiyo 450,000 anainunulia nini hasa?

Kule Uingereza swali hili lilifika Mahakama Kuu mwaka 1990. Kulikuwa na gari la Bentley linaloitwa Old Number One, lililoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1929 na tena 1930. Mwenyewe alikubaliana na kampuni moja kuliuza kwa pauni milioni 10. Baadaye kampuni ikakataa, ikasema hili si gari lile. Na ukiangalia, walikuwa na hoja. Gari lile lilitengenezwa upya mara nyingi kwa ajili ya mashindano. Mwaka 1932 liliwekwa chasisi nyingine na injini kubwa zaidi, likaanguka Brooklands na dereva wake akafa, halafu likajengwa tena likiwa na bodi ya namna nyingine kabisa. Wataalamu walipohesabu mahakamani, la 1929 halikuwa limebaki kitu cha kuonyesha, na la 1930 walipata vipande vichache tu, kama kasha la giaboksi na nguzo ya stering.

Jaji Otton akaamua kwamba gari ni lile. Alikubali kwamba huwezi kuliita gari kama lilivyotoka kiwandani. Lakini vipande viliingia kidogo kidogo, gari likiwa kazini, na hakuna siku lilikoma kuwa lenyewe ili lingine lichukue nafasi yake. Hakuna gari lingine popote lenye haki ya kudai jina hilo. Kilichokuwa kinauzwa, kwa maoni yake, kilikuwa chuma pamoja na historia yake.

Sasa weka hiyo pembeni ya kisa kingine. Mwaka 1957 Jaguar ilikuwa inaunda gari la michezo linaloitwa XKSS. Moto ukateketeza kiwanda mwezi wa Februari, na magari tisa kati ya 25 yaliyopangwa hayakuwahi kumfikia mnunuzi. Karibu miaka 60 baadaye Jaguar yenyewe ikaamua kuyaunda hayo tisa kwa mtindo ule ule wa zamani, na ikayauza kwa zaidi ya pauni milioni moja kila moja. Jina ni la Jaguar, ramani ni za Jaguar, kila kitu mahali pake. Na bado hakuna mtu wa magari anayeyaweka kwenye kundi moja na yale 16 ya mwaka 1957. Bentley karibu haina kitu chake cha kwanza na ni halisi. Jaguar mpya ina kila kitu sawasawa na bado haikuwepo 1957.

Lakini angalia Jaguar hawakusema uwongo. Waliyauza kama magari mapya. Aliyenunua alijua ananunua nini, na hakuna aliyeibiwa.

Hapo ndipo nilianza kuona mahali fundi aliponichanganya. Alikuwa anaongea juu ya injini, na mnunuzi alikuwa anauliza juu ya maisha ya gari. Lilizaliwa na nini, limepitia nini, nani aligusa nini na lini. Namba kwenye bloku ni ushahidi tu wa hayo. Ushahidi unaweza kutengenezwa, na ndiyo maana wanunuzi wazoefu hawaridhiki na namba kulingana. Marekani, wanaonunua Chevrolet Corvette za zamani huchunguza hata mikwaruzo myembamba iliyoachwa na mashine ya kiwanda pale namba ilipogongwa. Namba ikiwa sawa na mikwaruzo haipo, wanajua grinda imepita.

Nilimkumbuka Isaka. Mzee haoni, lakini hakukubali tu. Aliuliza jina, akapapasa mikono, akanusa nguo. Alikagua kuliko wengi wetu tunavyokagua gari la mtumba, na karibu kila kitu kikalingana, isipokuwa sauti. Aliyekuwa mbele yake hakuwa Esau. Huwa tunahubiri kisa hicho tukimwangalia Yakobo na baraka zake. Siku hizo tatu mimi nilikuwa naangalia ile ngozi ya mbuzi na nani aliyeishona. Rebeka naye alikuwa na sababu zake nzuri, kama mimi nilivyokuwa na Mama na watoto.

Kuna na jambo nililofundishwa chuoni, ambalo sikuwahi kulifikiria kuwa ni la dhambi na haki hadi mwezi huu. Mwaka 1970 mwanauchumi mmoja wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko la magari yaliyotumika, na baadaye mwaka 2001 akawa mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel. Hoja yake ni rahisi. Muuzaji anajua ubaya wa gari, mnunuzi hajui. Kwa hivyo mnunuzi anaogopa, anatoa bei ya chini kwa magari yote, mabaya na mazuri. Mwenye gari zuri anaona hiyo bei ni matusi, analirudisha nyumbani. Sokoni yanabaki mabovu. Darasani tulijibu swali la mtihani na kuendelea. Lakini hebu fikiria: yule kijana alikuja na sumaku na tochi kwa sababu gani? Kwa sababu kuna mtu kabla yangu alisaga namba. Kila mjane mkweli anayeuza gari la mume wake analipia grinda ya mtu ambaye hata hamjui. Ningekubali ile ya elfu tatu, kuna mama mwingine mahali, Nakuru au Kisumu, angekuja kulipia yangu.

Sitaki mfikiri nilifika hapo kwa utakatifu. Nilifika kwa sababu siku ya tatu nilimwambia Mama ukweli wote, pamoja na lile wazo la fundi, na kusema kweli nilikuwa natumaini ataamua yeye ili lisiwe langu.

Hakukasirika mara moja. Aliingia ndani akarudi na mkebe wa Kimbo uliojaa karatasi. Akatoa risiti moja imegeuka rangi ya chai. Mwaka 1984. Akaniambia ilikuwa mwaka wa njaa, wanatoka Mombasa, bloku ikapasuka karibu na Mtito Andei. Walilala kando ya barabara. Mzee alitafuta wiki mbili mpaka akapata L24 kutoka kwa saluni ya Datsun iliyopata ajali, akaifunga mwenyewe kwa mikono yake, yeye Mama akimshikia taa ya chemli usiku.

"Sasa mnataka kuandika kwamba hiyo safari haikuwako," akasema. "Pasta, hiyo injini ni yake. Ni yake tangu hiyo siku."

Sikuwa na jibu. Ninawaza kwamba Jaji Otton angemwelewa.

Lakini nisiwadanganye kwamba Mama alikuwa sahihi juu ya bei. Wapo watakaosema kwamba historia ikiwa nzuri basi thamani ibaki juu. Si hivyo. Mnunuzi ana haki ya kutaka gari lenye injini ya kiwandani na kulipa zaidi kwa sababu ziko chache, kama vile mtu ana haki ya kutaka shamba lenye kisima. Sisi kazi yetu ni kumwambia kama kisima kipo. Kama gari lilitengenezwa barabarani mwaka 1984, huo ni ukweli wake, na ukweli huo una bei yake sokoni ambayo machozi hayaibadilishi. Na tena hadithi bila karatasi ni hadithi tu. Nimeshaambiwa na watu watatu tofauti kwamba Datsun yao "ilikimbia Safari". Mnunuzi asikubali hivyo, hata akiambiwa na mchungaji.

Jumamosi kijana alirudi. Nilimwonyesha namba kabla hajatoa tochi mfukoni. Mama akampa risiti aisome, akamweleza habari za Mtito Andei na ile taa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mengi kuliko mara ya kwanza. Mimi moyoni nikasema, sasa ataongeza. Hakuongeza. Akahesabu 1,150,000. Kwenye mkataba tukaandika kwamba injini si ya kiwandani, iliwekwa 1984, na tukakubaliana mabadiliko yapelekwe NTSA kabla logbuku haijahamishwa. Aliomba risiti iende na gari. Mama akakataa. Baadaye akaniruhusu nimpigie nakala, na ile yenyewe ikarudi kwenye mkebe.

Deni la hospitali limelipwa. Lililobaki limemrudisha mkubwa chuoni. Yule wa sekondari bado yuko nyumbani hadi muhula ujao, na kila nikipita pale getini ananisalimia, "Shikamoo pasta," nami bado najikuta nahesabu ile 450,000.