Maji Mapya

Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Kwa miaka mingi niliuamini msemo huo bila kuuchunguza, mpaka siku niliposafisha tangi la samaki sebuleni kwangu hapa Buhembe.

Tangi lenyewe lilikuwa la kioo, ukubwa wa sanduku la nguo. Ndani yake niliweka furu wanane, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao jike hulea mayai na watoto mdomoni. Kila jioni nilikaa mbele yao kama mtu anayesikiliza redio. Baada ya miezi kadhaa maji yakawa na rangi ya chai nyepesi, na mawe yakaota utelezi wa kijani. Nikaona aibu. Je, mimi nioge kila siku, na wageni wangu walale katika uchafu? Jumamosi moja nikamwaga maji yote, nikasugua mawe kwa brashi, nikaosha mchanga mpaka ukang'aa, kisha nikajaza maji ya bomba. Tangi likapendeza. Furu wakapanda juu wakihema. Kufikia Jumatatu walibaki wawili.

Mzee mmoja mvuvi alipita kunisalimu. Aliliangalia tangi, akasema, "Mwalimu, hawa hawakufa kwa uchafu. Wamekufa kwa usafi."

Baadaye nilisoma nikaelewa. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao wenyewe. Katika mchanga na utelezi wa mawe huishi vijidudu visivyoonekana, ambavyo huigeuza sumu hiyo kuwa kitu chenye madhara madogo. Tena klorini, dawa inayotiwa katika maji ya bomba ili sisi tusiugue, huunguza mashavu wanayopumulia samaki na kuviua vijidudu hivyo. Ilinipasa kubadili sehemu ndogo tu, labda robo, kwa maji yasiyo na dawa na yenye joto lile lile. Mimi mtoto wa kibanja nilipaswa kulijua hili. Nani kwetu hufagia majani yanayooza chini ya mgomba akaita usafi?

Wanaofuga matumbawe ya bahari katika matangi ya kioo huishika kanuni hii kwa ukali zaidi. Chumvi au joto likibadilika ghafla, tumbawe hudhoofika na kupauka, kama yalivyopauka matumbawe ya pwani yetu mwaka 1998 bahari ilipozidi joto. Tumbawe limeshikamana na mwamba wake, haliwezi kuhama.

Hapo ndipo swali linaponisumbua. Je, nina hatia? Sikuwa na ubaya moyoni. Lakini furu aliye ziwani, maji yakiharibika, huogelea kwingine. Mimi nilimwondolea kwingine. Anayemfungia kiumbe amejifanya kuwa ziwa lake, na ujinga ambao kwa mpita njia si kosa, kwa mfungaji ni kosa.

Kutoka Buhembe ziwa halipo mbali, na kila nilitazamapo nakumbuka kwamba halikuharibiwa na watu wabaya. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara alitiwa humo ili samaki wadogo wageuke kuwa minofu mikubwa. Nia ilikuwa kuongeza samaki, nao waliongezeka: sangara amejenga nyumba na kusomesha watoto, siwezi kulikana hilo. Lakini furu, ambao wataalamu hukadiria walikuwa aina zaidi ya 500, walipungua vibaya katika miaka ya 1980, na aina nyingi hazikuonekana tena. Baadhi yao leo wamebaki katika matangi tu, huko Ulaya na Marekani. Mtu fulani nisiyemjua hubadili maji yao. Namwombea asiwe na haraka kama yangu.

Sisemi basi tukae tusiguse kitu. Nisingebadili maji kabisa, wangekufa pia, polepole zaidi. Wale wawili waliosalia ninao bado. Kila Jumamosi nachota robo ya maji, natia mengine yaliyolala siku nzima katika ndoo ya maji ya mvua, na mawe siyasugui. Nia njema bado naiheshimu. Ila siku hizi naituma kwanza ikaulize.