Tulipendalo Nalo Lipimwe

Usiku wa giza, mtu asimamaye ufukoni Musoma huona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani. Mitumbwi haioni, wala nyavu; lakini kwa kuzitazama taa zilivyopangana aweza kutambua kazi ifanyikayo huko.

Wataalamu wa nyota nao hufanya vivyo hivyo. Huorodhesha galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, na kupima umbali wa kila moja, wapate kujua ulimwengu ulikuwaje mwanzoni. Nadharia ilisema kwamba ulimwengu mchanga ulikuwa na joto kali, na mawimbi yalipita ndani yake kama sauti ipitavyo hewani. Yalipokoma, miaka kama 380,000 tangu mwanzo, yaliacha alama: galaksi zinazotengana kwa umbali fulani zingekuwa nyingi kidogo kuliko kawaida. Mwaka 2005 wapimaji walitangaza kwamba wameiona alama hiyo, katika umbali wa karibu miaka ya nuru milioni 500.

Je, Mkristo aseme sasa kwamba sayansi imethibitisha Kitabu cha Mwanzo? Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka. Mwaka 1951 Papa Pius XII alisema kwa furaha kwamba elimu ya namna hiyo yaelekea kushuhudia uumbaji. Padre Lemaître hakupendezwa. Kwake yeye, nadharia husimama au huanguka kwa vipimo, wala haipasi kuegemezwa juu ya dini.

Mkoani Mara tunao mfano wa karibu. Mwaka huo huo wa 2005, Jimbo la Musoma lilifungua shauri la kumwombea Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, atangazwe mwenyeheri. Wampendao ni wengi, tangu Bunda hadi pwani. Hata hivyo Kanisa halikusema, "Twampenda, basi yatosha." Katika shauri la namna hiyo mashahidi husikilizwa, maandishi huchunguzwa, na neno la kupinga hupokewa pia. Utakatifu haupimwi kwa darubini, lakini unyofu utakiwao ni ule ule: upendo waweza kuanzisha uchunguzi, usiutolee hukumu.

Labda mtu atasema kwamba huku ni kukosa imani. La, hasha! Aogopaye kipimo ndiye mwenye shaka.

Mwezi Machi 2025 wapimaji wa DESI, huko Arizona, Marekani, walitangaza dalili kwamba nguvu inayoharakisha kupanuka kwa ulimwengu huenda inapungua. Wakaongeza kwamba ushahidi haujatosha. Basi, wazazi, tuangalie. Anayemfundisha mwanawe kwamba Mungu yuko kwa sababu nadharia fulani imesema hivyo, amemwachia deni. Siku nadharia hiyo itakapobadilika, mtoto atakuja kulidai. Afadhali tumfundishe mapema kuipenda kweli, hata ikichelewa kujulikana.