Uso wa Saa

Yako mambo madogo ambayo watu wengi watayaona hayastahili insha, nami nataka kulitazama moja katika hayo. Je, mtu ana haki ya kugeuza chombo kifuate hesabu ya kwao, ikiwa kesho mwenziwe atakaa mbele ya chombo hicho bila habari?

Rafiki yangu, mwalimu wa chuo kimoja hapa Dodoma, alichoka kuhesabu. Kompyuta ilipoonyesha 7:00, ulimi wake ulisema saa moja. Ilipoonyesha 4:00, ulisema saa kumi. Kazi hii ya kutoa sita na kujumlisha sita sote twaifanya tangu utoto, hata tumesahau kuwa ni kazi. Yeye hakusahau. Akaingia katika mipangilio ya Windows, mlango nyuma ya mlango, mpaka mahali ambapo watumiaji wengi hawafiki. Saa yenyewe hakuirudisha nyuma, maana kila waraka ungebeba wakati wa uongo. Alibadili majira tu: badala ya yale ya Nairobi, yaliyotangulia saa ya dunia kwa saa 3, alichagua ya Brasilia, yaliyo nyuma yake kwa saa 3. Tofauti ni 6 kamili. Kisha akafuta AM akaandika "mchana", akafuta PM akaandika "usiku".

Msomaji na alihesabu jambo hili polepole, kwani lina uzuri wake. Saa moja asubuhi ilisomeka 1:00 mchana. Saa moja jioni ilisomeka 1:00 usiku. Mashine ilijidhania iko Brazili, kumbe ndipo ilipoanza kusema kama mtu wa Dodoma. Kasoro ilikuwa tarehe, iliyogeuka saa kumi na mbili alfajiri, si usiku wa manane. Lakini katika uwanda huu wa kati, ambako mwaka mzima jua huchomoza baina ya saa kumi na mbili na saa moja, hesabu hiyo huafikiana na macho. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, tukaona kompyuta ikitumia maneno yetu. Kutafsiri maneno ni jambo moja. Kuhesabu siku kwa kufuata jua ni jingine.

Siku moja karani aliazima mashine ile kuchapa tangazo la usaili. Kalenda ilionyesha 10:00 mchana, yaani saa kumi alasiri. Neno "mchana" alilidhani pambo, akanakili 10:00 peke yake. Wasailiwa wakatoa sita kwa mazoea, wakafika saa nne asubuhi. Mmoja wao alikuwa mama aliyetoka Mpwapwa kwa basi la alfajiri, mtoto mgongoni. Alikaa chini ya mti saa sita.

Lawama zote zilimwangukia rafiki yangu. Mimi nilisita, na ningali nasita. Aliyetia AM na PM katika chombo kinachouzwa hapa naye alichagua kwa niaba yetu, akauita uchaguzi wake hali ya kawaida, na njia ya kuuondoa akaizika chini kabisa. Huyo hakuna aliyemdai tangazo. Anayerudi kwenye hesabu ya wazee wake ndiye aambiwaye kuwa amevuruga watu.

Hata hivyo hoja hii, ingawa naiamini, haimfikii yule mama. Hakukaa juani na kivulini kwa ajili ya fundi wa ng'ambo tu. Alikaa kwa sababu mtu aliyekuwa chumba cha pili hakumwambia karani maneno mawili. Kugeuza uso wa chombo chake sioni kuwa ni kosa. Kosa naliona katika kunyamaza kwake: naye aliuficha mlango, kama ulivyofichwa kwake.

Ile ya ofisini ameirudisha kama ilivyokuwa. Ya nyumbani ameiacha, na chini ya kioo amebandika karatasi yenye maelezo kwa mgeni. Juzi nilipomtembelea sikuisoma karatasi hiyo. Nilitazama kioo, nikaona 2:20 usiku, nikaaga. Na nilikuwa nimekwisha fika barabarani nilipotambua kuwa sikuhesabu.