Maswali Yaliyovuja na Ahadi Uliyoibofya

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, miongoni mwenu mlio mwaka wa mwisho wapo wanaotaka kwenda ng'ambo kusomea uzamili wa usimamizi wa biashara. Vyuo vingi huko huwapima waombaji kwa mtihani uitwao GMAT. Kila Jumamosi baada ya Adhuhuri mimi hukaa na vijana wachache hapa Kampala tukifanya mazoezi ya hisabati zake. Mmoja wao aliniuliza: "Ustadhi, kuna kundi la WhatsApp linauza maswali ya watu waliofanya mtihani wiki iliyopita. Kuyanunua ni haramu, au ni kujiandaa tu?"

Nalijibu hapa kwa wote, maana naona wengine wameshajijibu kimya kimya kwa kutuma pesa.

Tuanze na mtihani wenyewe. Una sehemu tatu: hisabati, ufahamu wa lugha na uchambuzi wa data. Kila sehemu ni dakika 45, jumla maswali 64 kwa saa mbili na robo. Kwenye hisabati hakuna kikokotoo. Kompyuta inakupima huku unajibu, ukipatia inakuletea magumu zaidi. Alama ni kuanzia 205 hadi 805, nazo hutumika kwa miaka 5. Kabla ya swali la kwanza unaletewa masharti, na kati ya hayo ni kwamba hutamfichulia mtu maswali utakayoyaona. Usipokubali, huendelei. Watu hubofya pale kama wanavyobofya masharti ya programu za simu, bila kusoma.

Ndugu yangu, kubofya kule ni mkataba. Surat al-Maida inafunguliwa kwa amri kwa walioamini watimize mikataba yao, na Surat al-Israa inatuambia kwamba ahadi ni jambo la kuulizwa. Aliyetoka chumbani akaenda kuuza maswali amevunja neno lake, na wewe unayenunua unajua fika bidhaa hiyo imepatikanaje. Tangu lini mali ya wizi ikawa halali kwa sababu mnunuzi siye aliyevunja mlango?

Kijana wangu hakuridhika. Akasema, "Lakini Ustadhi, hawa ni Wamarekani, si Waislamu, na ada wanayotutoza ni zaidi ya dola 200." Hoja hii nimeisikia mara nyingi, hata kwenye mambo ya kodi na nauli, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Hudhayfa bin al-Yaman na baba yake walikamatwa na Makuraishi wakiwa njiani kwenda Madina. Hawakuachiwa mpaka walipotoa ahadi kwamba hawatapigana upande wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Wakaja wakamweleza. Badr ilikuwa mbele, na Waislamu walikuwa kama mia tatu na kidogo wakielekea kukutana na jeshi la watu karibu elfu moja. Kila mkono ulihitajika. Pamoja na hayo Mtume aliwaambia waende zao, watimize ahadi waliyowapa makafiri wale, na msaada atauomba kwa Mwenyezi Mungu. Ndiyo maana Hudhayfa, sahaba mkubwa namna ile, hakuwepo Badr. Ahadi ile ilitolewa kwa adui wa vita, tena kwa kulazimishwa. Yako umeitoa kwa hiari yako, kwa watu wasiokupiga vita, ili upate cheti chao. Utasema nini?

Hoja ya pili ina uzito zaidi kwangu: wenye pesa wana walimu wa kulipia, sisi hatuna. Ni kweli, na inauma. Ila maskini mwenzako anayekesha na kitabu cha kuazima ndiye unayemruka kwanza, si yule tajiri. Na njia ya halali ipo. Wenye mtihani wanatoa bure majaribio mawili kamili kwenye tovuti yao. Lifanye moja mapema ujue ulipo, lingine ulihifadhi mpaka karibu na siku yenyewe. Ukikosa alama unaruhusiwa kurudia baada ya siku 16, hadi mara 5 katika miezi 12. Najua kurudia ni ada nyingine, kwa hiyo usikimbilie kujiandikisha kabla hujawa tayari.

Kuna jambo jingine linalowahusu ninyi hasa, kwa kuwa mnakwenda kusomea biashara. Surat al-Mutaffifin imewaonya vikali wanaotaka wapimiwe kamili lakini wao wakipima wanapunja. Alama ya mtihani ni kipimo. Chuo kikisoma 705 kinaamini kichwa chako kina uzito huo, na huenda kikakupa nafasi na hata ufadhili kwa mizani hiyo. Kama uzito ule ulinunuliwa kwenye simu, umeshapunja watu kabla hujafungua duka.

Dunia nayo haisahau. Mwaka 2008 mahakama ya Marekani iliwahukumu wenye tovuti ya ScoreTop, iliyokuwa ikitoa maswali ya namna hii kwa malipo, walipe zaidi ya dola milioni 2. Alama za watu 84 waliokuwa wakiitumia zikafutwa. Lakini sipendi muache kwa kuogopa mahakama tu.

Neno dogo kuhusu Swala, maana nimeulizwa pia. Saa ya mtihani unaichagua mwenyewe kati ya nafasi zilizopo. Adhuhuri hapa kwetu huingia karibu na saa saba mchana, kwa hiyo chukua nafasi ya asubuhi na utaikuta Swala ukiwa umemaliza. Usichukue Ijumaa mchana. Mapumziko ni dakika 10 tu, mara moja, basi tawadha kabla ya kuingia. Na kuanzia usiku wa kuamkia mtihani achana na simu na yale makundi, usali rakaa zako mbili, ulale mapema.

Wabillahi taufiq.