Nani Alikuwa Huru Kabale?

Tarehe 10 Februari 1973, umati ulikusanyika katika uwanja wa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, kushuhudia wanaume watatu wakipigwa risasi. Serikali ya Idi Amin ilitaka mauaji hayo yaonekane. Askofu Festo Kivengere aliruhusiwa kuzungumza nao mwishoni. Alisimulia baadaye kwamba alikwenda akijiuliza atawaambia nini watu wanaokabili kifo, akawakuta nyuso zimekunjuka. Hawakuhitaji kufarijiwa. Walikuwa na habari ya kumpa: kwamba wamemwamini Kristo, wamesamehewa, na wake na watoto wao waambiwe.

Kisa hiki huhubiriwa sana, na mhubiri huishia kwenye zile nyuso. Mimi linalonishughulisha ni uwanja mzima. Askari walishika bunduki, lakini ambaye angekataa kufyatua alijua yatakayompata. Umati haukuwa na pingu, ila nani angethubutu kulia kwa sauti? Hata Amin mwenyewe, mtawala anayelazimika kuua hadharani ili aogopwe, naye alikuwa na woga wake. Katika watu wote wale, waliofungwa mikono ndio waliosema waziwazi yaliyokuwa moyoni. Sisemi hivyo ili kukipamba kifo chao. Yalikuwa mauaji, na dhuluma haigeuki kuwa neema kwa sababu aliyedhulumiwa amekufa vizuri. Nasema tu kwamba pale Kabale neno uhuru lilikaa mahali ambapo mwanasiasa asingelitafuta.

Kivengere hakuwa mgeni wa jambo hilo. Alilelewa kiroho katika uamsho ulioanza baina ya watu wawili: Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Walikutana Kampala mwaka 1929, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ule ukaenea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Walioguswa nao ndio waliokuja kuitwa walokole, yaani waliookoka. Tunawakumbuka kwa nyimbo na kwa salamu zao, lakini kazi yao ngumu ilikuwa kukiri. Mtu alisimama mbele ya ushirika akataja alichoiba, akataja aliyemchukia, kisha akaenda kurudisha mali na kuomba radhi. Mweupe alikiri kiburi chake mbele ya mweusi, katika zama ambazo mkoloni hakuwa na desturi ya kumwomba Mwafrika msamaha.

Kuna nini hapo cha uhuru? Siri ni mkono anaokushika nao mwenzako. Anayejua ulichokificha anakutawala, na hata asipokijua mtu yeyote, unajitawala vibaya wewe mwenyewe: unapima kila neno, unawakwepa baadhi ya watu, unamwogopa anayekaribia. Aliyekwisha kuyasema mwenyewe hana cha kutishiwa nacho. Imani inaongeza jambo ambalo ujasiri peke yake haulitoi, yaani kwamba unaweza kuyasema kwa sababu umekwisha kupokelewa kabla ya kuyasema. Bila hilo, kukiri ni kujivua nguo sokoni.

Naam, ushirika huo huo ulizaa vifungo vyake. Wengine walianza kukagua mavazi na mapambo ya wenzao, wakagawanyika wenyewe kwa wenyewe juu ya nani ameokoka kweli. Paulo aliwaonya Wagalatia juu ya watu waliofunguliwa wakaitafuta nira nyingine, na kwa kweli hakuna kizazi cha Wakristo kilicholiruka shimo hilo.

Lakini tuitazame Februari nyingine, ya mwaka 1977. Askari walikuwa wamepekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum, naye mlokole tangu mwaka 1948. Maaskofu wakamwandikia Amin barua, wakayataja mauaji na dhuluma bila kuzungusha maneno. Tarehe 16 Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikadai ni ajali ya gari. Kivengere na mkewe Mera walitoroka usiku, wakapanda milima kwa miguu hadi Rwanda.

Uhamishoni askofu aligundua kwamba amevuka mpaka na Amin yumo ndani yake. Chuki ilikuwa ikikua, na ilikuwa na haki zote za kukua. Alisimulia kwamba alisikia Injili ya msalaba kanisani London, yale maombi ya Yesu kwa waliomsulubisha, akaona hawezi kumtoa Amin peke yake katika maombi hayo. Mwaka huo huo kikatoka kitabu chake chenye jina lililowaudhi baadhi ya watu: Nampenda Idi Amin.

Waliokasirika walikuwa na hoja. Msamaha wa namna hiyo unaweza kuwa zawadi kwa muuaji, na mara ngapi mjane ameambiwa asamehe ili tu anyamaze? Hata hivyo Kivengere hakunyamaza. Alizunguka nchi za nje akiyaeleza mauaji ya Uganda, na Amin alipoangushwa mwaka 1979 alirudi kwenye dayosisi yake. Alichokataa ni kuamka kila siku akiwaza mtu mmoja. Msamaha ulimtoa Amin kwenye kiti cha hakimu wa moyo wake. Haukumwondolea kosa hata moja.

Ndiyo maana nasikia uchungu nikiona uhuru wa roho unavyouzwa mijini mwetu leo. Mabango ya manabii yanaahidi kufunguliwa vifungo vya ukoo, vya biashara, vya ndoa. Kuna mafuta, kuna maji, kuna kitambaa, na kila kimoja na bei yake. Wanaokwenda huko wana shida za kweli, siwacheki. Ila anayefunguliwa leo anatangaziwa kifungo kipya wiki ijayo, na ufunguo unabaki mfukoni mwa nabii.

Basi ndugu msomaji, ukiahidiwa kufunguliwa, uliza: nikitoka hapa nitaweza kumwambia nani ukweli ambao leo siwezi kumwambia? Na kama jibu ni kwamba urudi Jumapili na bahasha nyingine, nenda zako nyumbani.