Huzuni Isiyo na Sababu

Kijana wa miaka 15 akijitenga na wenzake, akaacha chakula kipoe mbele yake, akalala pasipo kupata usingizi na akaamka pasipo haja ya siku mpya, wakubwa wanaomzunguka hawakosi jina la kumpa: mvivu, jeuri, au, kwa ulimi wa wale wajihesabuo kuwa wachaji, mpungufu wa imani. Jina hili la mwisho ndilo nitakalo kulitazama, kwa kuwa yale mawili ya kwanza aweza kuyafuta mwalimu mwenye macho, ilhali hili humfuata kijana hata ndani ya sala yake.

Hoja ya wasemao hivyo si ya kudharauliwa. Kukata tamaa na rehema ya Mola ni dhambi, wasema. Basi aliyezama katika majonzi na azidishe ibada, nayo yatamwondoka. Lakini hapo wamechanganya mambo mawili ambayo hekima ya kale ilikwisha kuyatenga. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya masilahi ya miili na nafsi, na humo akapambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama ya kufiwa au kupotelewa na mali, na huzuni isiyojulikana sababu, ambayo asili yake aliitafuta katika mwili wenyewe. Ikiwa Mwislamu wa zama zile aliweza kuona kwamba ghamu yaweza kuanzia katika damu, kwa nini sisi tuiandike katika daftari la madhambi?

Nao mitume hawakuepushwa. Yaakubu alimlilia mwanawe hata macho yakawa meupe, na utume wake haukupungua chembe. Eliya alilala chini ya mti jangwani akamwomba Mungu aitwae roho yake. Malaika aliyemjia hakumhutubia juu ya subira, alimgusa, akamwonyesha mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku 7 bila kunena neno, na siku hizo walikuwa rafiki kwelikweli. Walipofumbua vinywa kumtafutia kosa ndipo walipoharibu.

Watu wa pwani husema hamu na ghamu kwa pumzi moja. Neno hamu kwa Waarabu ni dhiki ya moyo, kwetu limegeuka kuwa shauku. Na sijaona maelezo mafupi zaidi ya maradhi ambayo matabibu wa leo wayaita sonona kuliko kusema kwamba mgonjwa wake amebakiwa na ghamu, akapotewa na hamu.

Nusu ya maradhi ya akili ya watu wazima huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 18, na miaka hiyo aghalabu hupita shuleni, mara nyingi bwenini, mbali na mama. Huko mwalimu wa ushauri nasaha huwa na vipindi vyake vya kusomesha kama wengine, na pengine ndiye yeye mwenye kusimamia nidhamu. Sielewi mtoto atamfunuliaje siri zake mtu ambaye asubuhi alimhukumu. Kenya wako watu waliojaribu njia nyingine, wakaiita Shamiri: vijana waliotoka sekondari karibuni hukaa na wanafunzi katika vikundi, saa 1 kwa wiki kwa muda wa wiki 4, wakizungumza juu ya uwezo wa mtu kubadilika, shukrani, na yale anayoyathamini maishani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wa wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi, ulionyesha nafuu kubwa kuliko ya wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na baada ya miezi 7 nafuu ile ilikuwa bado yaonekana. Wako ambao hali yao yataka daktari na dawa, na hao wasicheleweshwe. Lakini shukrani ni somo la mimbari tangu jadi. Tofauti ni kuwa hapa alisemaye ameketi.

Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua kwapingana na Katiba. Sheria ya dola, ambayo kwa desturi huja nyuma, safari hii imewatangulia wengi wa wahubiri wetu.

Nilisoma na mwenzangu mmoja aliyepatwa na hali hii. Alinyweshwa kombe, wala silikatai kombe, maana lilitengenezwa kwa mapenzi. Akakemewa mstarini mbele yetu sote, na hilo nalikataa mpaka leo. Miaka mingi baadaye nilimwuliza ni nini kilichomvusha. Alifikiri kitambo, akanitajia mpishi wa shule, mzee asiyejua kusoma, aliyekuwa akimfunikia sahani yake ya wali na maharage kila usiku, kisha akaketi kizingitini mwa jiko, kimya, akisubiri.