Sikukuu ya Demokrasia

Taifa likitaka kuiadhimisha demokrasia kwa sikukuu, ni siku gani ifaayo kuteuliwa: siku alipopokea madaraka mtawala, au siku alipopiga kura raia? Swali hili laonekana kuwa la kalenda. Undani wake ni swali la heshima: nani mwenye nyumba, na nani aliyekabidhiwa ufunguo kwa muda?

Nchi ya Nijeria imelijibu swali hili mara mbili, na majibu yake hayafanani. Tarehe 29 Mei 1999 jeshi liliwarudishia raia serikali, na Olusegun Obasanjo akaapishwa kuwa rais. Siku hiyo ikafanywa Siku ya Demokrasia. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kuwa sikukuu itahamia 12 Juni, na tangu 2019 ndivyo ilivyo.

Kwa nini 12 Juni? Tarehe hiyo, mwaka 1993, Wanijeria walipiga kura kwa utulivu. Moshood Abiola, Myoruba wa kusini, aliongoza hata Kano, jimbo la mpinzani wake Bashir Tofa. Kura zilivuka mipaka ya kabila ambayo wengi walidhani haivukiki. Kabla mshindi hajatangazwa, serikali ya kijeshi ya Ibrahim Babangida iliufuta uchaguzi. Abiola alidai haki yake, akakamatwa mwaka 1994, akafa angali kizuizini 7 Julai 1998.

Mtu aweza kuuliza: ni furaha gani kuadhimisha uchaguzi uliofutwa? Siku ya 29 Mei ilizaa serikali. Ya 12 Juni ilizaa kilio. Hoja hii ina uzito, walakini haitoshi. Mkono utoao waweza pia kunyima. Na siku ya makabidhiano, hata ikiwa njema namna gani, humzoeza raia kushukuru kwa kupewa kilicho chake. Siku ya kura humkumbusha kuwa kilikuwa chake kabla ya kupewa, kikabaki chake hata kiliponyang'anywa. Mwizi hapati milki kwa kuiba. Aliyeibiwa angali mwenye mali.

Hata hivyo sikukuu haina maana ila ile itiwayo na watu. Rais aliyeihamisha, Muhammadu Buhari, ndiye aliyeshika nchi baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 31 Desemba 1983. Baadhi ya watu wataona dhihaka katika jambo hili. Wengine wataona toba. Mimi naona onyo kwa kila taifa litakalo siku ya namna hii: amri ya serikali yaweza kutoa mapumziko, haiwezi kutoa heshima ya kura. Heshima hiyo hutolewa siku ya uchaguzi, kura zikihesabiwa moja moja kwa uaminifu, na aliyeshindwa akiondoka. Gwaride na hotuba ni ahadi ya deni. Malipo yake hufanywa penye sanduku la kura.